Kifaranga cha bata amekwama gandani: nimwache, nimsaidie, au nimpeleke kwa bata anayeatamia?

MamaBata_Mtopanga (Jumamosi, saa 3:10 usiku)

Masalkheri wanajukwaa. Nimekaa chini mbele ya mashine ya kutotolea mayai na sitoki hapa. Niliweka mayai tisa ya bata wetu hawa wa kienyeji, wale wa uso mwekundu, na leo ni siku ya 35. Sita washatoka tangu jana, wako kwenye boksi chini ya balbu. Mawili hayajatoboka, ingawa nikiyamulika kwa tochi naona kitu kinatikisika. La tisa ndilo linaloninyima usingizi. Alitoboa jana baada ya Maghrib, ufa mdogo kama nyota, upande mnene wa yai panapotakiwa. Tangu hapo tundu halijaongezeka hata kwa upana wa punje ya mchele. Analia, lakini sauti imepungua.

Usiku wa kuamkia leo stima ilipotea saa nane, ikarudi saa kumi na moja alfajiri. Nilifunika mashine kwa blanketi mbili, joto likashuka hadi nyuzi 33 hata hivyo. Asubuhi nikafungua mara kadhaa kuwatoa wale sita. Sasa utando unaoonekana pale tunduni umekauka, umekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nasikia njia tatu na kila moja ina watu wake: kumwacha ajitoe mwenyewe, kulainisha utando na kumfungulia kidogo kidogo, au kulipeleka yai chini ya bata wa jirani ambaye anaatamia. Aliyejaribu zaidi ya moja anieleze tofauti yake.

FundiMashine_Changamwe (saa 3:26 usiku)

Pole dada. Unyevu unasoma ngapi? Na kwenye chumba hicho feni inazunguka?

Wakati unatafuta jibu, elewa anachofanya huko ndani, maana hapo ndipo watu hukosea. Kifaranga hutoboa mara mbili. Kwanza hutoboa utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye ile nafasi ya hewa, ndipo mapafu yanaanza kazi. Kisha hutoboa ganda. Baada ya hapo hutulia, na mwenye yai hudhani amekwama. Kumbe muda huo damu iliyo kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovu. Hayo yakiisha ndiyo anajizungusha akikata ganda duara mpaka kifuniko kinang'oka. Kwa kuku kazi hii mara nyingi huisha ndani ya siku moja. Bata huchukua siku nzima, hata mbili, na ni kawaida yake. Aliyezoea kuku akifuga bata mara ya kwanza lazima aingiwe na hofu.

Wako ana saa ishirini na sita. Toa zile tatu za baridi zilizomrudisha nyuma. Kwa muda peke yake, bado hajachelewa. Kinachonitia wasiwasi mimi ni huo utando mkavu.

Bint_Bamburi (saa 3:41 usiku)

Dada, kabla hujagusa chochote nisikilize. Mimi wangu nilimuua kwa mikono yangu, kaskazi iliyopita. Saa kumi na tano tu baada ya kutoboa nilishindwa kuvumilia kilio chake, nikambambua kama yai la kuchemsha. Tone la kwanza la damu nikadhani ni mkwaruzo. Nikaendelea. Alipotoka, kiini kilikuwa bado nje, kinaning'inia kitovuni, kikubwa kama zambarau, na utando umeloa damu. Alipumua mkononi mwangu kama nusu saa hivi. Sijasahau uzito wake, mwepesi kama kipande cha pamba iliyorowa.

Sisemi usimsaidie kabisa. Nasema kilio si dalili ya kukwama. Wanalia wote, hata walio salama, wanaitana na wenzao.

Mzee_wa_Likoni (saa 3:58 usiku)

Mwanangu, salaam. Nafuga bata tangu nikiwa kijana na mashine sijawahi kuwa nayo. Mwangalie bata jike anapoatamia. Huinuka mara moja kwa siku, hula, huingia majini, hurudi kiotani kifua kimelowa. Maji yale ndiyo yanayolainisha mayai. Chini yake hapakauki, na stima haipotei. Tena mama na watoto husemezana ganda likiwa bado zima.

Nimewahi kuhamisha mayai yaliyotoboka kutoka kwa bata aliyeuawa na ngawa, nikayatia chini ya mwingine usiku wakati hajui kinachoendelea. Wanne kati ya watano walitoka. Kwa hiyo njia ya tatu inafaa. Ila niambie, huyo bata wa jirani yuko siku ya ngapi?

MamaBata_Mtopanga (saa 4:05 usiku)

Shikamoo mzee wangu. Yuko siku ya kumi au kumi na moja hivi.

Fundi, unyevu ni asilimia 52. Na feni ndiyo, ilikuwa inazunguka tangu asubuhi kwa ajili ya joto. Nimeizima sasa hivi. Wallahi sikufikiria.

Mzee_wa_Likoni (saa 4:12 usiku)

Marahaba mwanangu. Basi usimpeleke. Bata wa siku ya kumi akisikia kifaranga chini yake anaweza kuondoka naye kiotani na kuyaacha mayai yake yapoe. Utaokoa mmoja na kumharibia jirani kumi na tano. Angekuwa siku ya 33 ningekuambia beba yai sasa hivi. Na kuku pia sikushauri kwa usiku huu. Anayaatamia mayai ya bata vizuri sana, lakini ukimtilia mtoto anayetoka wakati yeye bado hajawa tayari, wengine hudonoa.

Jomvu_Kuku (saa 4:20 usiku)

Nitasema lisilopendwa. Mimi siwasaidii. Nina mayai mengi kwa mkupuo, na kifaranga asiyeweza kutoka mara nyingi ana kasoro: miguu dhaifu, shingo imepinda, au amekaa vibaya ndani. Ukimtoa unamlea wiki moja halafu anakufa umeshampenda. Na kila unapofungua mashine kwa ajili ya mmoja, unyevu unashuka na yale mayai mawili mengine yanakauka vilevile. Hesabu yako isiwe ya yai moja.

Bint_Bamburi (saa 4:31 usiku)

Ndugu wa Jomvu, hilo la mayai mawili ni kweli na alizingatie. Lakini hilo la kasoro tuligawanye. Kuna kifaranga aliyeshindwa kwa sababu yeye ni mdhaifu, na kuna aliyeshindwa kwa sababu sisi tumemkausha. Huyu alitoboa siku yake, mahali pake. Stima ikapotea, mashine ikafunguliwa, feni ikapuliza. Utando umemkazia kama kitambaa kilichokaukia mwilini, hawezi kugeuza shingo. Kosa si lake. Huyu mimi ningemsaidia, tena kwa moyo mmoja, ila si kama nilivyofanya mwaka ule.

Jomvu_Kuku (saa 4:36 usiku)

Hapo nakubali. Stima si kosa la bata. Ila akipona mtie alama mguuni, na mayai yake usiyaangue mpaka umjue vizuri.

FundiMashine_Changamwe (saa 4:44 usiku)

Basi tumshauri dada njia ya pili, kwa mpango. Tia kitambaa kilichorowa maji ya uvuguvugu ndani ya mashine, upandishe unyevu mpaka 70 au zaidi, nyuzi zibaki 37 na nusu. Funga, subiri saa moja. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha na anaanza kukata.

Asipoanza, fanyia kazi bafuni. Mimina maji moto kwenye ndoo mbili, funga mlango na dirisha mpaka kioo kitoe jasho, ndipo uingie na yai limefunikwa kwa kitambaa cha joto. Mashine isikae wazi hata kidogo: toa yai, funga. Pale tunduni banduabandua ganda tu, vipande vya ukubwa wa ukucha wa mtoto, bila kuchana utando. Kisha chovya pamba ya masikio kwenye mafuta ya nazi, upake utando ulioachwa wazi.

Ukiona mishipa myekundu, acha hapo hapo. Rudisha yai. Hajawa tayari, hata kama utando umekauka.

Pwani_Mgeni (saa 4:50 usiku)

Samahani kuingilia, mafuta ya nazi kwa nini na si maji? Mimi nilikuwa natumia maji.

FundiMashine_Changamwe (saa 4:57 usiku)

Maji yanafaa kwa dakika chache, kisha yanakauka na utando unakaza kuliko mwanzo, itabidi urudie tena na tena. Mafuta hayakauki upesi. La pili, na kwangu ndilo kubwa, mafuta yanaufanya utando uonyeshe kilicho nyuma yake, kwa hiyo mishipa unaiona. Tumia machache mno. Matundu ya pua ya bata yako juu ya mdomo, karibu sana na pale alipotoboa. Tone likiingia puani umemziba pumzi.

Mzee_wa_Likoni (saa 5:02 usiku)

Na mwangalie mdomo. Akiwa anautafunisha tafunisha, kama mtu anayepiga miayo, jua bado anavuta kiini. Usimtoe.

MamaBata_Mtopanga (saa 6:15 usiku)

Nimefanya. Kwanza nilisubiri saa nzima na unyevu ukiwa 72, hakusogea. Nikaingia bafuni na mwanangu wa kwanza akanishikia tochi. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nikaegemeza kiwiko juu ya ndoo. Nimebandua vipande vinne tu, nikapanua tundu likawa sawa na shilingi moja. Nikapaka mafuta kwa ncha ya pamba, nikianzia mbali na mdomo.

Utando ulipokunywa mafuta ukawa kama karatasi ya sambusa iliyokwisha kukaangwa, unaona hadi ndani. Na nikaiona: mishipa miwili, myembamba kama uzi wa cherehani, myekundu kabisa. Mmoja ulikuwa unapigapiga. Ningelikuwa sikusoma maneno ya Bint ningelipasua papo hapo. Mdomo nao anautafuna, kama alivyosema mzee. Nimemrudisha. Sasa anapumua akitoa ncha ya mdomo nje kabisa.

Bint_Bamburi (saa 6:20 usiku)

Alhamdulillahi. Lala kidogo dada. Ana hewa, ana unyevu. Usimguse mpaka alfajiri.

MamaBata_Mtopanga (Jumapili, saa 11:30 alfajiri)

Baada ya Swala nimemtazama. Mshipa mmoja haupo tena, mwingine umebaki alama ya kahawia. Nimepaka mafuta tena kupitia tunduni, sikubandua kitu. Yai moja kati ya yale mawili limetoboka lenyewe usiku. Nimefurahi kulia.

FundiMashine_Changamwe (saa 12:05 asubuhi)

Kahawia ni habari njema, damu imeondoka. Mpe saa mbili tatu. Kama hajajizungusha, mkatie nusu ya duara wewe, upande wa juu tu, kisha umwache asukume mwenyewe. Sehemu ya chini ya ganda usiiondoe kwa vyovyote, kitovu kiko huko.

MamaBata_Mtopanga (saa 6:10 mchana)

Wanajukwaa, ametoka!

Saa mbili na nusu asubuhi mishipa yote ilikuwa imekwisha na mdomo umetulia, hatafuni tena. Nikamkatia nusu duara, utando ukachanika mweupe, bila hata doa la damu. Nikaondoa kifuniko kutoka kichwani. Kichwa kilikuwa kimelala chini ya bawa, manyoya ya njano yamegandamana. Nikalirudisha yai na nusu ya chini ya ganda kama kikombe. Akalala humo karibu saa tatu, akipiga teke mara moja moja. Saa tano na dakika ishirini akajisukuma kwa miguu yote miwili, akajitoa. Saa arobaini na ushei tangu atoboe.

Kitovu kimefunga, kina kidoa chekundu kidogo tu. Nimekipaka ayodini ya duka la dawa. Mguu mmoja unateleza kidogo kwenda nje.

Lile yai la mwisho bado halijatoboka, na nikilimulika sasa sioni kitu kikitikisika. Nitaliacha mpaka kesho kutwa, kisha nitakubali.

Jomvu_Kuku (saa 6:25 mchana)

Hongera dada, kwa dhati. Kuhusu mguu: usimweke juu ya gazeti wala plastiki, anateleza na mguu unaharibika zaidi. Tandika gunia au taulo kuukuu. Ukiendelea kwenda nje, ifunge miguu yote miwili kwa plasta laini, uache nafasi ya kutembea, siku mbili tatu. Ukiwa bado mchanga hurekebika.

Na usihangaike kumlisha leo. Kile kiini alichokivuta kitamtosha siku ya kwanza na zaidi.

MamaBata_Mtopanga (saa 6:40 mchana)

Na maji je? Wale sita wanaparamia kila sufuria wanayoiona.

Mzee_wa_Likoni (saa 7:02 mchana)

Ya kunywa wape, kwenye sahani ya kina kifupi yenye kokoto, kiasi cha kuzamisha mdomo na pua ili wajisafishe. Ya kuogelea bado mwanangu. Vifaranga wa mashine hawana mama wa kuwafunika wakitoka majini, wakilowa hukosa joto haraka hata huku kwetu. Wangoje manyoya. Na huyo mdogo mweke na wenzake jioni ya leo, akishakauka, wakati wote wamelala.