Nilinganishieni: boti ya matanga ya Juni au jahazi la Comoro la Januari?

FundiKibirizi (Kigoma)
Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Kibirizi na nimeshinda majini tangu utotoni, ingawa maji yangu yote yamekuwa ya Ziwa Tanganyika. Sasa nimepata nafasi mbili za kwenda baharini, na sharti nichague moja kabla mwezi huu haujaisha. Ya kwanza ni boti ya matanga ya mzungu mmoja, itakayong'oa nanga Zanzibar mwishoni mwa Juni kuelekea Ushelisheli, kisha Madagaska, kisha Afrika Kusini, na huenda ikavuka Atlantiki hadi Brazili. Ya pili ni jahazi la mjomba wa rafiki yangu, linalokwenda Comoro mwezi Januari na kurudi upepo ukigeuka. Ipi bora?

MamaMuuguzi (Gungu)
Bora kwa lipi, kaka? Hukusema utakaa nje miezi mingapi, kama una familia, kama unalipwa au unajilipia, chombo kina ukubwa gani na wala kama pasipoti unayo. Ukituletea swali la nusu, nasi tutakupa jibu la nusu.

NahodhaMstaafu (Tanga, mzaliwa wa Ujiji)
Wakati tukisubiri majibu yako, nianze na upepo, kwa sababu hizo nafasi mbili hazitofautiani kwa chombo tu, zinatofautiana kwa msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati yake ni maleleji, wakati upepo haueleweki. Mwezi Juni kusi imeshika nguvu. Kutoka Zanzibar kwenda Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, ni karibu maili 1,000 za baharini kuelekea mashariki, kwa hiyo upepo utawapiga ubavuni safari nzima na mkondo wa pwani utawasukuma kaskazini tangu siku ya kwanza. Boti inayokwenda maili 5 kwa saa itahitaji siku 8 au 9, na siku hizo zote utalala umejibana kwa magoti ili usianguke kitandani. Faida yake ni kwamba huo si msimu wa vimbunga.

Januari ni kinyume chake. Upepo ni mwepesi na unawasukuma kutoka nyuma, nayo Comoro ni takriban maili 375 tu kutoka Dar es Salaam. Lakini vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huzaliwa kati ya Novemba na Aprili. Kenneth, mwezi Aprili 2019, kilipita karibu kabisa na Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Comoro, kabla ya kuipiga Cabo Delgado ya Msumbiji. Wanaosema vimbunga havifiki kwetu wakumbuke Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, kilichofika hadi Mafia.

FundiKibirizi
Shikamoo mzee, na ahsante. Mama, uniwie radhi kwa kuacha mambo. Nina mke na watoto wawili, nyumba Mwandiga ambayo bado haijapigwa plasta ndani, na mtumbwi wenye mashine ya farasi 40 ambao nilipanga kumwachia mdogo wangu. Pasipoti ninayo. Boti ni ya futi 38 na tutakuwa watu 4. Safari ya Juni itachukua miezi 8 au 9, ile ya Januari miezi 3 au 4. Kuhusu malipo na tiketi ya kurudi, mwenye boti amesema tutazungumza tukikutana.

WaKatonga
Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikalisha kitako niandike, kwa sababu miaka kadhaa iliyopita niliambiwa maneno hayo hayo na nikayaamini.

Nilipanda boti ya matanga Dar es Salaam tukiwa watatu, na wiki za mwanzo zilikuwa njema kiasi kwamba nilimpigia mke wangu simu kutoka kila kisiwa kumwambia nimepata bahati. Tulipotia nanga Nosy Be, Madagaska, nahodha akaanza kwenda mjini kila asubuhi akiwa na bahasha ya karatasi. Siku ya sita alirudi na kutuambia kwamba boti ameiuza, yeye anaruka Ijumaa. Nilikuwa na dola 60 ndani ya soksi.

Nilikwenda uhamiaji nikidhani nitaomba muhuri na kutafuta njia yangu. Afisa alifungua orodha ya mabaharia wa boti yetu na kuweka kidole juu ya jina langu. Alinieleza kwa upole, kupitia mtu aliyetutafsiria, kwamba nimeingia na chombo na nitatoka na chombo, au nahodha asaini kunishusha na kuonyesha tiketi yangu ya kurudi nyumbani. Nahodha alisaini. Tiketi aliikata kwenye intaneti mbele yetu, muhuri ukagongwa, na jioni yake akaifuta akarudishiwa fedha zake. Hilo nililijua siku tatu baadaye, nilipofika kiwanja cha ndege na begi langu na jina langu halipo.

Nilitengeneza mashine za wavuvi ili nipate chakula, nikalala kwenye ngalawa, nikasogea hadi Mahajanga, ambako niliwapata Wacomoro niliosikilizana nao, nikapata nafasi kwenye chombo cha mizigo hadi Moroni na kutoka hapo hadi Dar es Salaam. Wiki 11 zilipita. Niliposhuka treni Kigoma mke wangu alikuwa kituoni, na tulipofika nyumbani niliona mahali cherehani yake ilipokuwa pamebaki alama nne za miguu ya meza sakafuni. Hakuisemea, nami sikuuliza.

Usipande boti hiyo kabla hujawa na karatasi iliyosainiwa inayosema nani atalipa tiketi yako kutoka bandari yoyote mtakayoachana. Na hata ukiwa nayo, beba nauli yako mwenyewe, usimwonyeshe mtu.

MzeeWaUnyanyembe (Tabora)
Pole sana, kijana. Babu zetu Wanyamwezi walikwenda Bagamoyo kwa miguu wakiwa na pembe begani, lakini walijua ujira wao kabla ya kufunga mzigo. Mimi ninampigia kura mjomba wa jahazi. Mjomba akikutupa Comoro, kuna shangazi wa kumshtaki kwake. Mzungu akikutupa, utamshtaki kwa nani?

Naomba pia watani zangu wa Kigoma wasidhani kwamba kwa kuwa waliwahi kupanda Liemba basi bahari wanaijua. Hiyo meli yenyewe ilizamishwa mwaka 1916 ikaibuliwa 1924.

NahodhaMstaafu
Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, mzee, tena waliipaka mitambo yake grisi kwanza, ndiyo maana ilipoibuliwa ilifaa kurudishwa kazini. Fundi atalielewa hilo kuliko sisi.

Kuhusu jahazi sikubaliani nawe moja kwa moja. Udugu hauelei. Aulize kama lina redio ya chaneli 16 inayofanya kazi, jaketi okozi kwa kila mtu na kile kifaa cha kurusha ishara ya dharura hadi kwenye setilaiti, kinachotumia masafa ya megahezi 406. Redio ya kawaida haivuki sana maili 20 au 30, na katikati ya Comoro na Mafia hakuna atakayeisikia. Boti ya huyo mzungu huenda ina vyote hivyo. Naye asisahau kuuliza kalafati ya jahazi, yaani kuziba viungo vya mbao kwa pamba, ilifanywa lini na ubavu wa chini ulipakwa deheni, yale mafuta ya kuzuia maji, lini, kwani jahazi linalovuja litawafanya mabaharia wafue maji ngamani, chini kabisa ya chombo, usiku kucha badala ya kuangalia tanga.

FundiKibirizi
Mzee, mawimbi ya bahari ni makubwa kiasi gani kuliko ya huku kwetu? Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na mwezi wa saba kuna siku hatuthubutu kuvuka.

NahodhaMstaafu
Kina hakitengenezi wimbi, mwanangu. Linalolikuza ni urefu wa maji ambayo upepo umeyapitia. Ziwa lina urefu wa kilomita 673 lakini upana wake kwa wastani ni kama 50 tu, kwa hiyo wimbi lake ni fupi na la ghafla, linakupiga kama kofi. Wimbi la bahari lililotoka mbali ni refu, linainua chombo chote taratibu na kukiteremsha, na tumbo la mtu wa ziwani hushindwa kwa sababu ya utaratibu huo huo. Pia kwenu hakuna maji kujaa na kupwa. Nilipofika pwani mara ya kwanza nilifunga mashua kwa kamba fupi kama tunavyofunga Ujiji, nikaenda kula. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Niliporudi mashua ilikuwa inaning'inia gatini kwa omo, yaani mbele, tezi ya nyuma imegusa mchanga, na watoto wa bandarini wamekaa mstari wakinisubiri nije nione.

MamaMuuguzi
Hakuna aliyetaja malaria, nami ninashangaa. Ukiumwa na mbu hapa Kigoma usiku wa mwisho, homa yaweza kujitokeza baada ya siku 7 hadi 14. Hesabu mwenyewe: siku mbili za treni, siku chache za kupakia Zanzibar, kisha bahari. Homa itakukuta katikati ya maji pamoja na watu ambao huenda watadhani ni kichefuchefu cha mawimbi. Beba vipimo vya haraka na dozi kamili ya dawa mseto, ambayo ni mara 6 kwa siku 3, na uinywe pamoja na chakula chenye mafuta. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi hiyo, ndiyo maana ninakushauri ubebe zaidi ya moja. Kadi ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya chanjo, kwa hiyo usichanjwe ukiwa tayari bandarini. Na jino linalokusumbua, ling'olewe hapa hapa.

AsaliYaSikonge
Kwa chakula, mpelekee mwenye boti asali ya miombo. Haiozi, haihitaji barafu, na ni dawa ya vidonda vya chumvi.

WaKatonga
Na dagaa wa kukaushwa.

AsaliYaSikonge
Dagaa ndani ya boti ya futi 38 yenye watu 4, ndugu yangu? Unyevu wa bahari utawarudishia uhai. Siku ya tatu watamtupa fundi pamoja na mfuko wake.

WaKatonga
Wakikaangwa vizuri na kufungwa kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, hawatoi harufu. Niliwala wiki tatu na yule nahodha, pamoja na ubaya wake wote, alikuwa anaomba aongezewe. Cha kuhesabu kwa makini ni maji. Watu 4 kwa lita 4 kwa siku, siku 10, ni lita 160, na uongeze nusu yake kwa ajili ya upepo kukatika.

MkeWaMsafiri (Ujiji)
Nimesoma yote na nimeona mmelinganisha upepo, dagaa na kamba, lakini mke wake ametajwa mara moja tu, tena kwenye orodha pamoja na plasta. Mume wangu hukaa nje miezi 7 kila mwaka. Kaka, kabla ya kukata tiketi nenda kwa wakili uandike hati inayompa mkeo mamlaka ya kusimamia nyumba na kiwanja, kwa sababu siku utakapokuwa huna mtandao ndiyo siku jirani atakapohamisha mpaka. Acha laini ya simu ambayo namba yake ya siri anaijua. Mdogo wako akitumia mashine, waandikiane na mkeo fungu lake ni kiasi gani kwa wiki, si kwa mwezi, maana mwezi mzima una visingizio vingi.

FundiKibirizi
Dada, nimeona aibu, lakini umesema kweli, na jioni hii nimemsomea mke wangu maneno yako. Yeye anapendelea Januari, kwa sababu kabla ya hapo plasta itakuwa imekwisha. Mdogo wangu anapendelea Juni, na mnaweza kujua kwa nini. Mimi moyo wangu uko kwenye ile boti, sikatai. Nilikuwa nafikiri pia kuuvuta mtumbwi nchi kavu na kuuacha.

WaKatonga
Usiuache nchi kavu miezi 8. Mbao zitakauka, viungo vitafunguka, na utakuta pamba imechungulia nje. Afadhali mdogo wako autumie. Kama ni lazima mashine ikae, nyonya petroli yote hadi kabureta ikauke, kwani wewe ni fundi na unaujua ule utando wa njano.

NahodhaMstaafu
Kama moyo uko kwenye boti, basi nenda kwanza Dar es Salaam ukachukue kozi ya msingi ya usalama wa mabaharia pale Chuo cha Bahari: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza. Itakufaa kwa chombo chochote kati ya hivyo viwili. Na ukipanda hiyo ya Juni, ujue kwamba sehemu ngumu si Ushelisheli bali pwani ya Afrika Kusini, ambako mkondo wa Agulhas unashuka kusini-magharibi na upepo wa kutoka huko ukipambana nao huinua mawimbi yanayosimama wima. Muulize mwenye boti atasubiri wapi upepo huo upite. Asipokuwa na jibu, umepata jibu lako.

MzeeWaUnyanyembe
Naye swali la tiketi ya kurudi bado hajalijibu.

FundiKibirizi
Nimemwandikia leo mchana, nikamuuliza yote mawili, la tiketi na la Agulhas. La Agulhas amelijibu ndani ya dakika kumi, kwa maelezo marefu na ramani. La tiketi bado. Wakati tukisubiri, ile ndoo ya mfuniko wa kubana, ya lita 20, inapatikana soko la Mwanga au niagize Dar es Salaam?