Viwanda vinavyokwepa likizo ya uzazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu: mnatuona wajinga?

Wakuu, salaam. Anayetaka lugha ya semina apite kushoto.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Safi kabisa. Ila kifungu hichohicho kinamtaka ampe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makisio, na cheti cha daktari juu. Sasa weka hilo kwa mwanamke wa laini ya kufungasha mwenye mkataba wa miezi mitatu. Makisio yake ni katikati ya Juni, kwa hiyo taarifa iwe imefika katikati ya Machi. Mkataba unaisha tarehe 31 Machi. Anapeleka cheti, HR (ofisa utumishi) anatabasamu, anasema hongera, na wiki mbili baadaye mkataba "umeisha kwa kawaida". Nenda nyumbani, tutakuita. Hawaiti.

Yaani sheria inamtaka ajisalimishe mapema kwa mtu mwenye kila sababu ya kumtoa. Mwenzake wa Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, anatoa taarifa ya maandishi ya siku 7 na kupata miezi mitatu kwa mshahara kamili.

Na wanachokimbia ni shilingi ngapi? Kwa amri ya mshahara ya 2022, kima cha chini cha viwandani kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Kwa siku 84 hiyo ilikuwa kama 420,000. Laki nne na ushee, kwa kiwanda kinachojaza makontena! Wengine hawangoji hata mimba ionekane, wanampima binti mkojo getini siku ya usaili. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Nani amewahi kuulizwa?

Tuje kwenye mkataba wenyewe. Sheria ya 2004, kifungu cha 14, iliweka mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya menejimenti. Mfungashaji hakuwemo. Kwa miaka na miaka viwanda vimesainisha wafungashaji na washonaji mikataba ambayo sheria haikuwawekea, na hakuna aliyeshtuka. Marekebisho ya 2025 yameongeza hali nyingine, kama kazi za msimu na ongezeko la kazi la muda mfupi lisilotarajiwa kuzidi miezi 12. Haya. Mtu aliyefanya laini ileile miaka minne, mkataba juu ya mkataba, hilo ni ongezeko gani la muda mfupi?

Wengi wanakwama hapa: HR anamwambia "hujafikisha miezi sita mfululizo, huna haki." Uongo wa nusu. Ni kweli kifungu cha 29 kinamnyima likizo yenye malipo mwenye chini ya miezi sita kazini. Endelea kusoma kifungu hichohicho: mfanyakazi wa msimu anayo haki, na aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule anayo pia, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita. Zile wiki mbili za "pumzika kwanza" kati ya mkataba na mkataba hazifuti kitu. Kwenye kuachishwa kazi isivyo halali ni vilevile: kudai kunataka miezi sita kazini, na inahesabiwa uwe na mkataba mmoja au zaidi.

Halafu kifungu cha 36. Kutohuishiwa mkataba wakati ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa kunahesabika kuwa ni kuachishwa kazi. Kukataliwa kurudi baada ya likizo ya uzazi nako ni kuachishwa kazi. Sababu ikiwa ni ujauzito, si halali, na mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kihalali. Mikataba iliyohuishwa mara sita saba bila maneno ndiyo ushahidi wa matarajio hayo. Tatizo, nakala zote zinabaki kwa HR. Piga picha kila ukurasa siku ya kusaini. Wakikunyima, tunza meseji za mshahara kwenye simu, picha za ratiba ya zamu, kitambulisho. Asiye na karatasi yoyote naye asikate tamaa: kwenye shauri, mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai. Na Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi akitimiza hata kigezo kimoja kati ya kadhaa, na kimojawapo ni kwamba alimfanyia mwajiri huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Saa 45 kibarua wa kiwandani anazimaliza ndani ya wiki.

Taarifa ya ujauzito: nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, ubaki nayo. Supavaiza akikataa kupokea, tuma kwa posta ya rejista na utunze risiti. Taarifa ya mdomo haijawahi kumsaidia mtu.

Wakikutoa, una siku 30 tu kupeleka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) mgogoro wa kuachishwa kazi. Migogoro mingine, kama likizo isiyolipwa, ni siku 60. "Tutakuita" imetungwa kwa ajili ya hizi siku 30. Mama anakaa anasubiri simu, anajifungua, mtoto anafika miezi miwili ndipo anakwenda. Hapo lazima aombe kuongezewa muda kwa fomu namba 2, na kiapo kinachoeleza kila siku aliyochelewa, narudia, kila siku. Maombi mengi yanafia hapo.

Ukiwahi, jaza fomu namba 1. Mgogoro wa kuachishwa una Sehemu B, wengi wanaiacha wazi na shauri linayumba mapema. Mpe mwajiri nakala kwanza, upate uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo usajili. Hakuna ada. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, siku 30. Angalia sana hapo: kampuni inakuja na laki mbili mkononi na karatasi ya makubaliano, na ukishasaini imekufunga. Usiposaini, shauri linaenda kwenye uamuzi, yaani CMA inasikiliza pande zote na kuamua.

Zamu ya usiku nayo: miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada yake, mama halazimishwi kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo, daktari akiandika. Wanachofanya? "Kama huwezi usiku, kaa nyumbani," bila malipo. Na zile saa mbili za kunyonyesha kwa siku, kwa mama anayekaa daladala mbili kutoka kiwandani, ni za mapambo. Omba kwa maandishi utoke mapema.

Vyama vya wafanyakazi na nyinyi! Mkataba wa hali bora, ule chama kinaoufunga na mwajiri kuhusu maslahi, mnaufungia wafanyakazi wa kudumu peke yao, vibarua mnawatazama.

NYONGEZA: Walioniuliza kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Fao la uzazi lipo, ila linataka michango ya miezi 36, kati yake 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Mikataba yenye mapengo inakula hapo hapo, na kuna waajiri wanakata kwenye mshahara halafu hawapeleki. Omba taarifa ya michango sasa hivi, ukiwa bado kazini, si siku ya kudai.

NYONGEZA 2: Walioajiriwa kupitia wakala, kwenye fomu namba 1 andikeni majina yote mawili, wakala na kiwanda. Ukimwandika mmoja, atasema mwajiri wako ni yule mwingine, na siku 30 zitakuwa zimepita.