Afisa siasa wa ubalozi: kazi yenyewe ndiyo ipi?

Dada wa Leicester:
Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga. Binti yangu anamaliza chuo mwaka huu, hataki kusikia kingine ila kuwa afisa siasa ubalozini. Mie ubalozi naujua kwa viza tu. Nisaidieni.

Kaka wa Ngamiani, Den Haag:
Waalaykum salaam dada yangu. Viza ni za watu wa konsuli. Wa siasa kazi yake ni kuielewa nchi aliyopelekwa, nani ana usemi, nini kinakuja, kisha aandikie wizara ya kwao. Mkataba wa Vienna wa 1961 unairuhusu kazi hiyo, mradi njia ziwe halali. Ibara ya 41 inamkataza kuingilia mambo ya ndani. Akivuka hapo, mwenyeji anaweza kumkataa bila kutaja sababu.

Niliwahi kumtafsiria mmoja wa ubalozi wa Ulaya, alipokuja kuulizia bomba la mafuta la Hoima, kilomita 1,443 mpaka kwetu Chongoleani. Tulikaa na wavuvi chini ya mwembe, mazungumzo yakawa ya fidia na ya bahari. Daftari lake alikuwa amelipiga mstari katikati. Kila habari anauliza, "Uliliona au ulilisikia?" La kuona kushoto, la kusikia kulia. Mzee mmoja alisita, akasema, "Hilo nimesikia tu." Likaenda kulia, ingawa ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Usiku kule Raskazone nikamkuta bado anaandika, saa tano, na siku nzima ile ikatoka kurasa mbili. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Kuhamahama kupo, kila miaka michache kituo kipya, na mwenzi wake ajue mapema.

Kwa Tanzania, nafasi za Afisa Mambo ya Nje hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na Chuo cha Diplomasia kiko Kurasini tangu 1978. Lakini dada, ana pasi ipi? Uraia pacha kwetu haupo kwa mtu mzima.

Dada wa Leicester:
Ya Uingereza, kaka. Ya Tanzania hana.

Kaka wa Ngamiani:
Basi aombe London. Na Kiswahili akisome, aweze kukiandika. Umoja wa Afrika unakitumia rasmi tangu 2022, na cha kuamkiana tu hakitamfikisha chini ya mwembe ule.