Naomba ushauri: kupanda mlima kisiwani Mfangano

Wakuu habari zenu, mwezi wa nane mimi na binamu yangu tunataka kwenda Mfangano, kile kisiwa cha Kenya ndani ya Ziwa Victoria, tukapande ule mlima wa katikati unaokaribia mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye 1,130 hivi kwahiyo mpando ni kama mita 550, sio Kilimanjaro ila jua la kule sio la kuchezea.

Tunatokea Musoma, tunavuka Sirari, Migori, Homa Bay mpaka Mbita, pale tunadaka boti ya kwenda Sena, kule kisiwani, na hapo ndo kichwa kinaniuma. Boti za asubuhi zinatoka saa ngapi, na maboya wanatoa au nibebe langu kabisa maana kuogelea sijui na ziwa likichafuka halina mswalie Mtume?

Pia ile michoro ya kale ya miduara myekundu na myeupe, mwamba wa Kwitutu na pango la Mawanga, inawezekana kuiona yote siku moja na kileleni tufike au lazima tulale? Wasuba, wenyeji wa kisiwa, wanayaheshimu sana yale maeneo, mambo ya mvua na matambiko, sasa sitaki kuingia kichwakichwa. Nianzie makumbusho ya jamii pale Ramba nipate mwenyeji au kwa wazee wa kijiji? Binamu anasema twende tu na ramani ya simu, mimi nimegoma.

Na hela ya Kenya, nibadilishe palepale Sirari au nisubiri Migori?