Mtu aliyeniambia ninunue dreva ndiye huyo huyo amenigeuza punda

Wa_Umoja_Mbili, saa 5:40 usiku

Sitaji jina. Nyote mnamjua. Na kama humjui, ingia kikundi chochote cha gofu ya simu hapa Nairobi, kabla hujamaliza kusema "habarini wakuu" atakuwa ameshakuuliza uko levo gani.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ploti, kwa sababu huko ndani shemeji bado anacheka.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa mgeni kabisa. Nilikuwa na sarafu 12,000 za mchezo, zimepatikana kwa jasho, nimetazama matangazo ya sabuni mpaka nikaanza kuota povu. Nikauliza kwa adabu: wakuu, mimi ndio naanza, nipandishe fimbo gani kwanza? Akajibu yeye, kwa sauti ya daktari bingwa: "Dreva, ile fimbo ya kupiga mbali. Weka zote kwa dreva. Mwanaume ni umbali."

Mwanaume ni umbali! Nami kwa huu ujinga wangu wa kuheshimu watu wazima nikaweka zote. Dreva ikafika levo sita. Zingine zikabaki vile zilivyozaliwa. Ya mchangani levo moja. Pata, ile fimbo ya kuputi, yaani kusukuma mpira shimoni, ndiyo ile ya bure unayopewa ukifungua mchezo, ukiiangalia ni mwiko wa ugali tu.

Leo ilikuwa fainali ya kikundi. Shimo la 18, tumelingana. Napiga dreva: mpira unavuka ziwa, unavuka miti, nadhani ulivuka hata Mto Athi, yadi 310, unatua karibu na grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Shemeji akaacha chapati inaungua kwenye kikaango akaja kuona. Kikundi kizima kimya. Hapo nilikuwa mfalme kwa sekunde kama nne hivi, kisha mpira ukabingirika polepole ukaingia mchangani.

Fimbo levo moja. Ule mshale wa kulenga unakimbia kama boda iliyoona askari. Nilitoka kwa mchanga pigo la tatu. Halafu yadi mbili kutoka shimoni, YADI MBILI, mtoto wa nasari angeingiza kwa kupuliza, nikaputi ukapita kushoto. Nikaputi wa kurudi, ukapita kulia. Mara nne.

Sasa yeye. Mwenye ushauri wake. Akaandika mbele ya watu 43: "Hiyo si pata, hiyo ni pata potea."

Sawa. Hiyo ningemeza. Lakini dakika moja baadaye ikaingia stika. Punda amebeba begi la gofu. Kichwa ni changu. Amenikata kwenye picha ya arusi ya dada yangu, hata hakukata vizuri, tai yangu ya zambarau bado inaonekana shingoni mwa punda.

Nilinunua hiyo tai Gikomba kwa shilingi mia moja na nikaipiga pasi mwenyewe.

Punda. Mwenye tai.

---

Chapo_Mbili_Madondo: Pole sana mkuu. Hayo ni matusi kabisa, hayakubaliki. Weka hiyo stika tuone ukubwa wa tatizo.

Kijiti_Kavu: Ndio, hatuwezi kuchangia bila ushahidi. Weka punda.

Mlinzi_wa_Zamu: Nasoma nikiwa kazini na nimecheka mpaka mbwa wa bosi wameamka. Yadi mbili jamani.

Wa_Umoja_Mbili: Siweki. Mko upande gani nyinyi? Mtu anakwambia weka zote kwa dreva, unaweka, ukianguka yeye ndiye wa kwanza kuchonga stika. Na ile tai ILIONEKANA.

Mtu_wa_Rongai: Subiri. Huyu mtu ana picha ya simba kwenye wasifu? Kama ni mimi nilisema hivyo nilikuwa natania.

Sauti_ya_Kahawa: Hapana ni mimi nadhani. Niliambia vijana wawili mwezi uliopita wanunue dreva. Lakini sijui kutengeneza stika.

Bingwa_wa_Bando: Mimi huambia kila mtu anunue dreva na sijutii.

Wa_Umoja_Mbili: Si nyinyi!! Mungu wangu, kwani mko wangapi?

Mama_Wawili_Kayole: Naomba kuuliza kitu. Hiyo fainali ilikuwa na watu wawili, si ndio? Mmoja ni huyu wa punda. Wa pili ni mimi. NILISHINDA. Nimecheza nikiwa nangoja maharagwe yaive na mtoto amelala mgongoni. Hakuna hata mmoja aliyesema hongera, wote walikimbilia punda. Huyo mtu mnayemsema alinijibu "umebahatika". Basi hata mimi nina malalamiko, tena yangu ni makubwa kuliko ya tai.

Kijiti_Kavu: Hongera mama. Sasa wewe una hiyo stika?

Mama_Wawili_Kayole: Ninayo. Tai imetokea vizuri.

Kedi_Halisi: Mniruhusu niseme kidogo, mimi ni kedi wa kweli, nabeba mabegi upande wa Barabara ya Ngong. Mnaoanza, sikilizeni. Raundi kamili ni mashimo 18, uwanja mwingi wa kawaida ni pa 72, yaani mapigo 72 ndiyo yanayotarajiwa. Kwa hesabu ya pa kila shimo limetengewa mapigo mawili ya kuputi. Piga hesabu: 36. Nusu ya mchezo mzima iko mkononi mwa ile fimbo uliyoacha levo moja. Dreva utaitoa mara 14 tu hivi, maana kawaida mashimo manne ni mafupi na huihitaji. Mimi nimeona mzee anapiga mpira haufiki hata yadi 200, lakini akikaribia shimo unaanza kumwogopa. Kwa mchezo wenu wa simu ni hivyo hivyo: sarafu za kwanza gawa, ya mchangani, zile za kati, pata. Na kabla hujatazama nguvu ya fimbo tazama usahihi wake, na ile alama inayokusamehe ukikosea kidogo. Nguvu bila usahihi ni kupotea mbali zaidi. Na ile mipira ya bei usiitumie uwanja wa mazoezi, weka.

Mlinzi_wa_Zamu: Kedi asante, umesema mambo mazito. Sasa swali: wewe ukibeba begi huwa unafanana na huyo punda?

Kedi_Halisi: Nilijua tu.

Wa_Umoja_Mbili: Kedi wewe ulikuwa wapi wiki tatu zilizopita??? Ile alama ya kusamehe nilidhani ni pambo. Fimbo inasamehe, binadamu anakuchonga stika.

Bingwa_wa_Bando: Kedi usidanganye watu. Mchezo wa simu ni wa vijana, ni umbali. Na hapa Nairobi tuko juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali. Dreva inalipa.

Kijiti_Kavu: Buda, mpira uko ndani ya simu. Hewa gani?

Bingwa_wa_Bando: Nimecheza Mombasa na nimecheza hapa. Hapa unaenda mbali. Nimesema.

Sauti_ya_Kahawa: Alicheza Mombasa bando ikiisha, mpira ukasimama hewani, akasema ni hewa nzito.

Babu_wa_Grini: Nyinyi watoto. Mashindano ya gofu ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Seve Ballesteros, yule Mhispania, alikuja hapa akayashinda mwaka 1978, akaenda zake kushinda dunia. Hakuuliza mtu apandishe levo gani.

Chapo_Mbili_Madondo: Babu, Ballesteros alikuwa na pata ya levo ngapi?

Babu_wa_Grini: Mna laana.

Wa_Umoja_Mbili: Mnasahau uzi unahusu nini. Narudia. Mara nne. Yadi mbili. Halafu punda. Na mnajua ametuma wapi tena? Kikundi cha ploti! Keateka ameitumia usiku huu huu kutangaza kwamba maji yatafungwa kesho. "Wapangaji jazeni mitungi." Chini yake ni mimi, nimebeba begi, nimevaa tai. Watu kumi na moja wameweka vidole gumba. Dada yangu amepiga simu kuuliza nani amekata picha yake ya arusi. Hakuuliza habari yangu, aliuliza habari ya picha.

Mtu_wa_Rongai: Lakini mkuu kuputi mara nne kutoka yadi mbili si kosa la dreva. Shimo lina upana wa milimita 108, hicho ni kikombe cha chai kizima. Simu yako kioo kiko sawa?

Wa_Umoja_Mbili: Kina mpasuko kidogo. Pale chini, kushoto.

Mtu_wa_Rongai: Pale unapovuta kidole kuputi?

Wa_Umoja_Mbili: …

Kijiti_Kavu: ALILAUMU DREVA NA NI KIOO.

Mlinzi_wa_Zamu: Mkisema kioo mnanitonesha kidonda. Nilipeleka simu kwa fundi wa Barabara ya Luthuli, kioo kipya kabisa, shilingi 2,500. Nimefika nyumbani nikibonyeza A inaandika kitu kingine. Nikarudi, akaniambia "utaizoea". Nitazoeaje herufi?

Sauti_ya_Kahawa: Mimi wangu alinirudishia simu na kifuniko cha nyuma cha rangi nyingine. Nilienda na nyeusi nikarudi na ya waridi. Akasema imepauka na jua.

Mama_Wawili_Kayole: Wangu alibadilisha kioo, spika ikafa. Nikarudisha, akatengeneza spika, kamera ikafa. Sasa sijui kama niikomboe simu au nimwachie aendelee kuua polepole. Na bado hakuna aliyenipongeza kwa dhati.

Kedi_Halisi: Hongera mama. Uligawa sarafu?

Mama_Wawili_Kayole: Zote levo tatu, baba. Hata mwiko.

Chapo_Mbili_Madondo: Kuna anayejua fundi mwaminifu, yule ambaye hata akibaki na skrubu mbili mezani anakuambia?

Bingwa_wa_Bando: Yupo mmoja, lakini foleni yake ukipanga asubuhi unatoka na ndevu.

Mtu_wa_Rongai: Weka namba.

Wa_Umoja_Mbili: Huu ni uzi wangu.

Mtu_wa_Rongai: Ndio mkuu, tuko pamoja. Bingwa, weka namba.

Kijiti_Kavu: Mimi naomba kurudi nyuma kidogo kwenye jambo la maana. Ile chapati shemeji aliyoiacha ikiungua kwenye kikaango. Iliishia wapi?

Wa_Umoja_Mbili: Iliungua. Lakini alipika zingine. Ziko sita, na madondo kidogo.

Kijiti_Kavu: Uko upande wa Innercore au wa soko?

Wa_Umoja_Mbili: Innercore.

Kijiti_Kavu: Niko Donholm, dakika kumi na boda. Usifunge geti.

Wa_Umoja_Mbili: Saa sita usiku hii? Geti lina keateka.

Kijiti_Kavu: Mwambie natafuta yule wa tai.