Naombeni ushauri: somo la kupwa na kujaa wanalikariri, wiki mbili limeshapotea

MaalimKaskazini
Asalaam alaykum wanajamvi. Nasomesha sayansi darasa la tano huku Pemba, wilaya ya Micheweni. Mada ya kupwa na kujaa kwa maji nimechora ubaoni, jua, dunia na mwezi, watoto wamenakili, na siku ile ile ukiuliza mikono yote iko juu: "Mwezi huvuta maji ya bahari." Zipite wiki mbili, ubadilishe swali kidogo tu, kama "Tarehe nane mfunguo pili (mwezi wa pili baada ya Ramadhani) maji yatakuwa bamvua, yaani ya kujaa na kupwa sana, au mafu, ya kujaa na kupwa kidogo?", darasa zima kimya. Mmoja kanijibu kuwa maji yakipwa yanaingia chini ya mchanga. Na hawa mama zao wanalima mwani! Watoto wamepindukia sitini, vifaa hakuna. Nifanyeje kitu kikae?

KijanaWaKiwani
Maalim tunga wimbo. Mimi mikoa yote ya Zanzibar nilifundishwa kwa wimbo na hadi leo sijaisahau.

BiMkubwaChake
Kijana, wimbo ni wa vitu ambavyo havina kwa nini: majina ya mikoa, miezi ya mwaka. Hapa kuna sababu ndani yake. Mtoto ataimba "mwezi huvuta maji" mpaka aoe na bado hajui siku gani ateremke pwani.

Maalim, katazame chuoni, wanakosoma Qur'ani. Ustadhi hampi mtoto sura mpya kabla hajamsikiliza ya jana, na juzuu amma inarejewa kila mara hata kwa aliyekwishaipita. Na harejei kwa kutazama. Anafunga msahafu anasoma kwa ghibu, akikwama anavuta mwenyewe kwanza ndipo akumbushwe. Skuli sisi tunauliza "Mmefahamu?", wanaitika "Ndiyo maalim", tunafuta ubao.

Kuna Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana yoyote kisha anajipima. Alikuta sehemu kubwa ya usahaulifu inatokea mapema, saa na siku za mwanzo, halafu kasi yake inapungua. Na marudio yaliyotawanywa siku tofauti yalimfaa kuliko kuyarundika siku moja.

Kwa hiyo ukiingia darasani, dakika tano za mwanzo madaftari yafungwe. Swali moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kila mtoto aandike jibu lake kwenye kipande cha karatasi, ndipo wewe uchague wa kusema. Ukifuata mikono iliyo juu, wale wale watano watakusomeshea darasa mwaka mzima.

MamaMwani
Mimi nafunga mwani na maalim nakushangaa kidogo, usinichukie. Hao watoto wanajua, ila hujawauliza kwa wanavyojua. Sisi kwenda pwani tunahesabu mwezi. Ukiandama, na ukifika kumi na nne, siku mbili tatu baada ya hapo ndiyo bamvua yenyewe, maji yanatoka mpaka mbali. Yanakauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa tarehe saba nane, na ishirini na mbili tatu, hatuendi, maji hayatoki ya kutosha, mambo, vile vijiti vya kufungia kamba za mwani, yamezama. Mtoto anayefunga ayyamul-bidh, saumu ya mwezi kumi na tatu hadi kumi na tano, na wazee wake tarehe anazo kichwani. Muulize futari ya siku zile ilikuwa na pweza au haikuwa!

MaalimKaskazini
😄 Sichukii, shukran sana. Sasa kutoka kwenye tarehe kwenda kwenye sababu nawavushaje?

FundiUbao
Wabashirishe. Mwezi ukiandama, kila mtoto aandike: mwezi huu maji yatapwa mbali zaidi siku zipi? Karatasi zikusanywe, zisisahihishwe. Ukutani bandika karatasi kubwa yenye siku zote za mwezi. Kila asubuhi mtoto mmoja anachora umbo la mwezi aliouona usiku au alfajiri, na anaandika saa maji yalipokauka jana, aliyoiuliza nyumbani. Mwisho wa mwezi wasome karatasi zao wenyewe. Aliyebashiri akakosea ndiye anayetaka hasa kujua kwa nini.

Hapo ndipo uwape sababu. Toa watoto watatu uwanjani. Jua, dunia na mwezi wakiwa mstari mmoja, jua na mwezi wanasaidiana kuvuta, ndiyo bamvua. Mwezi ukikaa ubavuni, pembe mraba, wanapunguziana nguvu, ndiyo maji mafu.

Na yule wa mchangani usimsahihishe wewe. Liulize darasa: kama maji yanaingia mchangani, mchanga unajuaje kuwa leo ni mwezi kumi na tano?

KijanaWaKiwani
Mimi mtu mzima naomba kuuliza. Mwezi ni mmoja, mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku?

BiMkubwaChake
Swali zuri. Maji ya upande unaoelekea mwezi yanavutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, na ya upande wa nyuma yanavutwa kidogo kuliko dunia, kwa hiyo yanabaki nyuma. Yanainuka pande zote mbili. Dunia inapojizungusha, Pemba inapita kwenye kila upande. Maalim, hili usilisomeshe mpaka mtoto aliulize, na akiuliza, somo la siku hiyo liahirishe.

MaalimKaskazini
Jumatatu naanza na yale maswali matatu. Karatasi ya ukutani nitatumia migongo ya kalenda za zamani. MamaMwani, bamvua ijayo tukija na nusu ya darasa utatupokea?

MamaMwani
Njooni, ila saa tatu na nusu muwe mshafika, na kila mtoto na viatu vyake, kule kuna miiba. Na mmoja wao atanishikia kamba, bure haipo.