Kamera ya chini ya maji kwa waogeleaji: kioo bapa au cha kuba?

Kocha, Kisumu
Hamjambo nyote. Ninafundisha waogeleaji wa mashindano, na nataka kuunda kamera ya kukaa kwenye ukuta wa kidimbwi ili nione wanavyojisukuma baada ya kugeuka, maana hapo ndipo muda hupotea na mimi niliye ukingoni huona povu tu. Nina kamera ndogo ya ulinzi yenye lenzi ya nyuzi 90 (yaani upana wa pembe inayoonekana) na bomba la plastiki la kuihifadhi. Je, kioo cha mbele kiwe bapa au cha kuba? Na picha zitanifikia vipi papo hapo?

Fundi wa vifaa vya elektroniki, Nakuru
Kocha, mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, kwa hiyo nyuma ya kioo bapa nyuzi zako 90 zitabaki takriban 64. Mwogeleaji akiwa umbali wa mita 2.5, ambao ni upana wa njia moja kwenye kidimbwi cha Olimpiki, utaona mita 3 hivi badala ya 5. Kuba hurejesha upana huo, lakini huifanya kamera ione kila kitu kana kwamba kiko karibu sana, na lenzi isiyorekebishika fokasi itatoa picha zenye ukungu. Mimi ningechagua kioo bapa na lenzi pana zaidi.

Waifai usiitegemee, kwani maji huyameza mawimbi yake upesi. Pitisha kebo ya mtandao hadi ukingoni, na umeme utoke kwenye betri ya volti 12. Nakusihi, umeme wa volti 240 usikaribie kidimbwi kamwe.

Mpiga video, Kakamega
Naongezea kuhusu shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie kwa kila fremu. Mwogeleaji hodari huenda karibu mita 2 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/50 ya sekunde, mwili wake husogea sentimita 4 kabla fremu haijafungwa, na mkono husogea zaidi. Kwa 1/500 ni milimita 4 tu, ila utahitaji jua la kutosha.

Pia hewa ya huko kwenu kando ya ziwa ina unyevu mwingi, nao hugeuka matone ndani ya kioo kifaa kikiingia kwenye maji baridi. Tia pakiti za silika kavu, zinazofyonza unyevu, kabla ya kufunga, na uipake pete ya mpira inayozuia maji kwenye kifuniko grisi ya silikoni.

Kocha, Kisumu
Asanteni sana. Kwa kuwa katika mtindo huria kichwa lazima kiwe kimeibuka kufikia mita 15 kutoka ukutani, nitaifunga kamera kwenye ukuta wa kando, mita 5 kutoka mahali pa kugeukia, kisha niisogeze mbele kidogo kidogo.